Nimeacha matoke na sukari, mbona kipimo cha asubuhi bado kiko juu?

"Daktari, asalaam aleikum. Nina miaka 52, nauza vitenge sokoni Arua. Mwaka jana niliambiwa nina kisukari aina ya pili. Nilipewa metformin ya 500, kimoja asubuhi na kimoja jioni, na glibenclamide ya 5, kimoja asubuhi. Tangu hapo sitii sukari kwenye chai. Nimeacha kabisa matoke, wali na viazi vitamu, maana wenzangu sokoni waliniambia hivyo ndivyo vinavyoua. Nakula kalo (ugali) ya muhogo na wimbi, nakunywa uji wa wimbi, na juisi ya pasheni ninayotengeneza mwenyewe kwa asali. Usiku sili kitu ili sukari ishuke. Lakini kila asubuhi kipimo kinasoma 10 au 11. Tena wiki iliyopita, kama saa tano asubuhi, nilitetemeka na kutoka jasho jingi hadi jirani yangu wa kibandani akaninunulia soda. Sasa dada yangu wa Koboko ameniletea majani ya mululuza, anasema uchungu unaua sukari na niache vidonge. Nyumbani napika sufuria yangu, watoto wanapika yao. Uzito wangu ni kilo 86 na mimi si mrefu. Nimechoka. Niambie ukweli: nile nini, na mbona sukari haishuki ilhali nalala njaa?"

Waaleikum salaam, mama. Nikikuelewa sawasawa, unajinyima usiku, mchana unakula vile ulivyoambiwa ni chakula cha wagonjwa wa sukari, na asubuhi mashine inakujibu kana kwamba hukufanya lolote. Mtu yeyote angechoka. Lakini wewe si mzembe, na ugonjwa wako haujashindikana. Umeondoa vyakula kwa majina yake, huku kiasi cha wanga unachokula kwa siku kikibaki palepale au kikiongezeka, na saa zako za kula hazipatani na vidonge unavyomeza. Yote mawili yanarekebishika.

Nianze na ile asubuhi ya kutetemeka, kwa sababu hiyo haisubiri. Glibenclamide kazi yake ni kulisukuma kongosho litoe insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, na ikishamezwa inasukuma tu, uwe umekula au hukula. Nguvu yake inaweza kudumu siku nzima. Wewe ulilala bila kula, labda ukaamka ukanywa chai kavu, ukameza kidonge, ukabeba mizigo ya vitenge. Kufika saa tano, insulini ilikuwa tele na sukari ya kuishughulikia hakuna. Kutetemeka, jasho la baridi, moyo kwenda mbio, njaa ya ghafla, kuchanganyikiwa: hizo ni dalili za sukari kushuka mno, yaani chini ya 4 kwa mashine inayosoma mmol/L kama yako. Jirani yako alifanya vyema sana. Likitokea tena, kunywa nusu glasi ya soda ya kawaida (si ile isiyo na sukari), au koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, unywe hapohapo. Ngoja dakika 15, upime. Kama bado iko chini ya 4, rudia. Ikishapanda, kula chakula kidogo. Usikimbilie chapati au kalo kwanza, zinachelewa kufika kwenye damu. Na usimalize chupa nzima kwa hofu, maana ndiyo inayokufikisha 15 baadaye ukabaki unashangaa. Weka sukari kidogo kwenye mkoba wa biashara, na umwambie jirani iliko. Akikukuta umezimia, asikutie kitu mdomoni, akupeleke hospitali.

Kuanzia leo basi, glibenclamide isiingie tumboni bila kifungua kinywa cha kweli. Siku usiyoweza kula, labda unatapika au una homa, usiimeze kabla hujaongea na wanaokutibu. Na wiki hii, usingoje tarehe ya kadi, nenda kliniki ukawaeleze hilo tukio. Wanaweza kupunguza dozi au kukubadilishia dawa. Kwa wasomaji wengine wenye mama au baba aliyepita miaka 60 na anayemeza glibenclamide: ulizeni kama inaweza kubadilishwa. Shirika la Afya Duniani haliipendekezi kwa umri huo, kwa sababu hii hii ya kushusha sukari kupita kiasi.

Sasa hilo la asubuhi. Watu wengi wanaamini kwamba sukari ya damu hutoka kwenye sahani peke yake, kwa hiyo asiyekula usiku ataamka nayo chini. Sivyo. Ini lako ni ghala. Ukila, sehemu ya glukosi huhifadhiwa humo. Ukikaa saa nyingi bila chakula, ini huitoa ile akiba polepole, na akiba ikipungua hutengeneza glukosi mpya, ili ubongo usikose nishati ukiwa umelala. Bila hiyo kazi ya ini hakuna mwanadamu angeamka salama. Kwa mtu asiye na kisukari, insulini ndiyo inayoliambia ini lipunguze. Katika kisukari aina ya pili ini limekuwa sugu, haliitikii insulini vizuri, basi linamwaga sukari usiku kucha kuliko inavyohitajika. Alfajiri homoni za kuuamsha mwili, kotisoli ikiwa mojawapo, huliongezea kasi. Unaamka na 10 ambayo hukuila. Imetengenezwa ndani yako.

Kwa hiyo kulala njaa hakulizimi ini. Kinachosaidia zaidi hapo ni vitu vitatu: kupunguza mafuta yaliyojazana tumboni na ndani ya ini lenyewe, kutembea, na metformin. Hiyo metformin, mahali inapofanya kazi hasa ni kwenye ini. Wewe unameza miligramu 1,000 kwa siku, na watu wengi hufikishwa 2,000 taratibu kama figo zao ziko sawa. Sikuambii ujiongezee. Nakuambia kuna nafasi ya kuongeza, na ndilo swali la kumuuliza daktari wako. Imeze pamoja na chakula, tumbo litakusumbua kidogo zaidi. Usiku kula, ila kula mapema na kidogo: maharage au mbaazi, mboga za majani, labda yai. Saa moja jioni ni bora kuliko saa nne.

Sasa chakula chenyewe, na hapa wenzako wa sokoni walikupotosha bila kukusudia. Wanga wote, uwe umetoka kwenye ndizi, mahindi, muhogo au wimbi, ukifika tumboni unavunjwa na kuwa glukosi. Tumbo haliulizi jina wala rangi. Linajali mambo mawili tu: ni kiasi gani kimeingia, na kinavunjwa haraka kiasi gani. Gramu 100 za unga mkavu wa mahindi au wa wimbi zina wanga wa gramu 70 na zaidi. Unga wa muhogo hupita 80. Kwa chakula kilichoiva, gramu 100 za muhogo wa kuchemsha zina wanga wa karibu 38, wali na matoke kati ya 25 na 30, viazi vitamu vya kuchemsha karibu 20, kwa kuwa vina maji mengi. Umeuona mchezo? Umeacha kile chenye wanga mchache ukahamia kwenye kile chenye wanga mwingi, kwa sababu kimoja ni kitamu mdomoni na kingine hakina ladha. Utamu wa kiazi unausikia kwa ulimi, lakini wanga wa muhogo ulimi hauusikii kabisa.

Sitaki ukimbilie viazi sasa kana kwamba nimekupa dawa. Viazi viwili vikubwa bado vitakupandisha. Ninachosema ni kwamba matoke, wali, viazi na kalo vyote vina ruhusa, na hakuna hata kimoja chenye ruhusa ya kujaa sahani. Kuna tofauti ndogondogo zinazosaidia. Kiazi cha kuchemsha hupandisha sukari polepole kuliko cha kuchoma. Unga wa wimbi usiochekechwa una nyuzinyuzi kuliko unga mweupe wa mahindi wa posho. Lakini usifanye tofauti hizo kuwa dini. Wimbi nzuri kwa kipimo kikubwa ni mbaya kuliko posho nyeupe kwa kipimo kidogo.

Uji ndio unanitia wasiwasi zaidi katika orodha yako. Wimbi ikishasagwa laini kisha ikapikwa majimaji, kazi ya kutafuna na ya tumbo imeshafanywa nusu na mashine ya kusaga. Kikombe kinateremka kwa dakika chache, na sukari inapanda kwa kasi hiyo hiyo, hata usipotia sukari. Tunampa mgonjwa uji kwa sababu ni mwepisi, na huo wepesi ndio tatizo lake kwa mtu wa kisukari. Ukiupenda sana, iwe nusu kikombe, mzito, pamoja na yai au karanga, si kikombe kikubwa cha plastiki peke yake asubuhi.

Juisi ya pasheni ni hivyohivyo. Unachuja mbegu na nyuzinyuzi, unabaki na maji matamu, kisha unaongeza asali. Asali, mama, zaidi ya robo tatu ya uzito wake ni sukari; nyuki hakuitengeneza kwa ajili ya wagonjwa. Soda ya nusu lita ina sukari gramu 50 na ushei, zaidi ya vijiko kumi vya chai, nayo kila mtu anaiogopa. Juisi ya nyumbani yenye asali inaweza kuikaribia, na hakuna anayeiogopa kwa sababu ni "ya asili". Kunywa maji, au chai ya maziwa bila sukari ukihesabu kwamba maziwa nayo yana sukari yake kidogo. Tunda lile zima: nusu ya embe kubwa, au kipande cha papai, au ndizi mbivu moja ndogo, mara moja au mbili kwa siku, si yote kwa mkupuo. Najua msimu wa maembe Arua, yanavyoanguka chini na watoto hawayamalizi. Huo ndio msimu ambao nawaona wengi wakirudi kliniki na namba za kutisha. Parachichi kwa upande wake halina shida ya sukari, shida yake ni uzito ukila mawili kwa siku.

Nikupe sasa namna ya kupakua. Chukua sahani bapa ya kawaida, si bakuli la kina. Nusu yake iwe mboga: dodo (mchicha), majani ya kunde, sukuma, kabichi, bamia, biringanya, chochote kinachopatikana sokoni siku hiyo. Robo iwe maharage, mbaazi, samaki, mukene (dagaa), kuku au mayai. Robo iliyobaki ndiyo ya kalo au posho au matoke, bonge lisilozidi ngumi yako iliyokunjwa. Shida ya kalo ni kwamba inakuja katikati, kila mkono unamega, unafinyanga, unachovya, na baada ya hapo hakuna anayejua amekula kiasi gani. Kata lako kabla mkono wa kwanza haujafika, liweke kwenye sahani yako, basi. Likiisha, ongeza mboga na mchuzi, kalo usirudie. Siku za kwanza utahisi hujashiba. Maharage ndiyo yatakayokuokoa, kwani wanga wake unavunjwa taratibu na yana protini na nyuzinyuzi. Ongeza maharage wakati huohuo unapopunguza kalo, usipunguze tu.

Na uanze na mboga na maharage. Vijiko kadhaa vya kwanza viwe hivyo, wanga ufuate mwisho. Imepimwa na kuthibitika kwamba chakula kilekile, kwa kiasi kilekile, hupandisha sukari kidogo zaidi mtu akitanguliza mboga na protini kuliko akitanguliza wanga. Haigharimu shilingi hata moja. Karanga na ufuta wa kusaga ni vizuri pia, ila kijiko kimoja au viwili, maana mafuta yake yanaongeza uzito hata kama hayapandishi sukari. Angara na samaki wengine wakavu waloweke na kumwaga maji ya chumvi kama una presha, na wenye kisukari wengi wanayo.

Kifungua kinywa chako: mayai mawili au maharage yaliyobaki jana, na kipande cha muhogo au kiazi kidogo, na chai. Rolex ya barabarani, yaani mayai yaliyokunjwa ndani ya chapati, si haramu, lakini chapati yake moja ina unga wa kutosha mlo mzima na mafuta juu yake. Ukiila, muombe kijana aweke mayai mawili, kabichi nyingi na nyanya, na ule nusu ya chapati. Ukishakula, usikae. Dakika kumi au kumi na tano za kutembea baada ya mlo zinafanya jambo ambalo vidonge havifanyi: msuli unaojikunja unafungua njia yake wenyewe ya kuvuta glukosi kutoka kwenye damu, hata pale insulini isipoitikiwa. Soko lako ni kubwa. Uzunguke.

Sasa usiniamini mimi tu, iamini mashine yako, ila uitumie vizuri. Unapima asubuhi peke yake, kwa hiyo inakuonyesha kazi ya ini na haikuambii kitu kuhusu chakula. Vijiti ni ghali, najua, basi chagua mlo mmoja mara mbili tatu kwa wiki. Pima kabla ya kula, kisha pima saa mbili baada ya tonge la kwanza. Kwa watu wengi wa umri wako tunalenga kati ya 4.4 na 7.2 kabla ya kula, na chini ya 10 saa mbili baadaye. Leo jaribu kalo ya ngumi moja na maharage, wiki ijayo jaribu matoke kiasi kilekile. Utashangaa. Mwingine mwili wake unavumilia matoke kuliko wali, mwingine kinyume chake, na hakuna orodha ya mtaani itakayokuambia hilo. Andika kwenye daftari lilelile la mauzo, tarehe, ulichokula, namba ya kwanza, namba ya pili. Nawa mikono kwa sabuni na ukaushe kabla ya kujichoma, kwani maji ya embe kwenye kidole unaweza kukupa 18 ya uongo. Vijiti visikae kibandani juani, joto linaviharibu. Na kama siku moja utapima kwa mashine ya mwingine ikasoma 180, usizimie: mashine nyingine hutumia kipimo kingine (mg/dL), ambamo namba yetu huzidishwa kwa 18. Hiyo 180 ni 10 yako.

Kuhusu mululuza. Namheshimu dada yako, amekujali. Lakini uchungu na utamu vinapambana kwenye ulimi tu. Ndani ya damu, glukosi haina ladha ya kuogopa uchungu. Inawezekana majani hayo yana kemikali zinazogusa sukari, wanasayansi wanazichunguza, lakini hakuna dozi iliyopimwa kwa binadamu ambayo mtu anaweza kukuandikia kwa uaminifu, na kikombe cha leo hakilingani na cha kesho. Ukiyachanganya na glibenclamide unaweza kuirudia ile saa tano. Ukiacha vidonge na kubaki na majani, sukari itapanda kimyakimya, nayo haiumi mpaka iwe imeshafika kwenye macho, figo na mishipa ya miguu. Kwa hiyo vidonge, hapana, usiviache mwenyewe. Ukiona unataka kunywa majani hata hivyo, mwambie daktari waziwazi, usimfiche. Na dada yako naye apimwe. Kisukari aina ya pili hutembea katika familia, na ndugu wa tumbo moja yuko kwenye hatari kubwa kuliko jirani.

Kuna swali hukuliuliza lakini najua liko moyoni: je, kinaweza kuondoka? Jibu la kweli ni kwamba kwa baadhi ya watu kinaweza kutulia, bila dawa, kwa muda, kama watapunguza uzito mwingi mapema. Huko Uingereza kulifanyika utafiti uitwao DiRECT, matokeo yake ya kwanza yakatoka mwishoni mwa 2017. Waliochaguliwa walikuwa wanene, hawajapita miaka sita tangu kugunduliwa, na hawakuwa kwenye insulini. Nusu yao walipewa chakula cha kalori 850 hivi kwa siku kwa miezi mitatu hadi mitano chini ya uangalizi, kisha wakarudishwa kwenye chakula cha kawaida taratibu. Baada ya mwaka, 46 kati ya kila 100 wa nusu hiyo walikuwa na sukari isiyo ya kisukari bila dawa. Waliopunguza kilo 15 na zaidi walifikia 86 kati ya 100. Baada ya miaka miwili ile 46 ilishuka hadi 36, maana uzito ukirudi, sukari nayo hurudi.

Usiyafanye hayo peke yako nyumbani, hasa ukiwa na glibenclamide, utaanguka. Ila kwa kilo 86 na ugonjwa wa mwaka mmoja, wewe ni mtu wa kufaidika sana ukipunguza hata kilo tano hadi nane kwa miezi sita, kwa njia ya sahani niliyokueleza. Hapo nisisitize kwa wengine wanaosoma: hii ni kwa mwenye uzito wa kupunguza. Uganda tuna wagonjwa wengi wa aina ya pili ambao ni wembamba, na tatizo lao kubwa ni kongosho kutoa insulini kidogo. Mtu wa namna hiyo akijinyima chakula anajidhuru. Anachohitaji ni dawa sahihi na chakula cha kutosha. Na mwenye kisukari anayekonda bila kutaka, tena anakohoa, apimwe kifua kikuu bila kuchelewa, maana magonjwa haya mawili hupenda kukaa pamoja.

Sufuria mbili nyumbani, zivunje. Hakuna chakula hata kimoja nilichokitaja ambacho watoto wako hawapaswi kula. Pikeni sufuria moja, maharage, mboga, samaki, kalo, mafuta yapungue kwa wote, kisha tofauti iwe kwenye kupakua tu. Anayepika chakula chake pembeni, peke yake, kila siku, huchoka baada ya miezi michache na kurudi kwenye mazoea yake ya zamani. Kwenye sherehe na matanga pia, ambapo mama wa heshima anapakuliwa mlima, pokea sahani, kula nyama na mboga na wanga wa ngumi moja, kilichobaki mpe mtoto. Hakuna atakayekasirika. Kuhusu Ramadhani, usifunge ukiwa kwenye glibenclamide bila kuonana na daktari mwezi mmoja au zaidi kabla, kwani saa na dozi za vidonge lazima zipangwe upya, na baadhi ya wagonjwa hawafai kufunga kabisa.

Ukienda kliniki wiki hii, iwe kituo cha afya daraja la nne au hospitali ya rufaa, beba daftari na maganda ya dawa zote, pamoja na zile za presha kama zipo. Waeleze ya saa tano asubuhi kwanza kabla ya kitu kingine. Uliza kuhusu dozi ya metformin na kuhusu kubadilisha glibenclamide. Omba kile kipimo cha wastani wa miezi mitatu, HbA1c, ambacho wengi tunakilenga chini ya asilimia 7, lakini waambie kama una selimundu au damu pungufu, au umeongezewa damu karibuni, kwa sababu vitu hivyo hupotosha namba yake. Figo zipimwe, macho yaangaliwe ndani mara moja kwa mwaka, na uvue viatu wakuchunguze miguu hata wasipokuambia.

Usingoje kliniki, nenda siku hiyohiyo, ukiona sukari inabaki juu ya 15 kwa siku mbili mfululizo huku una kiu kali na mkojo wa mara kwa mara; ukitapika hata maji hayakai; ukipumua haraka au kusinzia kusiko kwa kawaida; ukipata kidonda mguuni, hata kidogo kisichouma; macho yakififia ghafla; au sukari ikishuka tena chini ya 4. Na kama anayesoma ana mimba, ana figo zilizodhoofika, au anajidunga insulini, hesabu za vyakula na dozi nilizompa mama huyu si zake, akaonane na daktari wake ana kwa ana kabla ya kubadilisha mlo.